Ubao wa Baba Nafula

Jumapili, 18 Januari 1987

Nimeanguka tena. Maji ya bwawa yalikuwa baridi kuliko Jumapili iliyopita, au ni mimi nimekonda.

Ratiba ni ileile. Kanisa, chai, kisha natembea mpaka bwawani na Mama Wairimu, jirani yangu, ambaye Jumapili hufunga duka lake mchana. Asubuhi maji huwa yametulia kama chai kwenye sahani. Mchana upepo unashuka kutoka upande wa Plateau na vumbi la mashamba yaliyovunwa, na bwawa lote linakunja uso. Baba Nafula, mume wangu, alikuwa akisema, "Sasa ubao umeamka."

Niandike ulivyo, nisije nikasahau alivyonieleza. Ubao ni wa plastiki ngumu, mrefu kuliko mlango wetu. Mbele kidogo ya katikati pana mlingoti wenye tanga jekundu. Mlingoti hulala majini mpaka mtu asimame juu ya ubao na kuuinua kwa kamba. Akishika mti wa kushikia ulio ubavuni mwa tanga, upepo unaingia tangani na ubao unakwenda. Usukani hakuna. Usukani ni miguu.

Mwalimu mmoja mzungu alimwachia Baba Nafula ubao huu alipomaliza mkataba wake. Baba Nafula ndiye aliyekuwa akitunza mashua za klabu ya hapo bwawani mpaka klabu yenyewe ikafa. Alijifundisha. Juu ya ubao alichora miguu yake kwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa banda, na rangi ikiwa mbichi akanyunyiza mchanga ili isiteleze. Jozi ya kwenda na jozi ya kurudi. Miguu mikubwa. Viatu vyake tulikuwa tukivitafuta mji mzima.

Mwezi wa kumi lori lilimgonga kwenye barabara ya Webuye, karibu na Turbo, akiwa kwa baiskeli. Basi.

Nilikuwa nikikaa ukingoni nikifuma sweta, yeye akienda na kurudi. Sasa ukingoni anakaa Mama Wairimu. Hafumi. Anakula njugu na kunicheka.

Jumanne, 20 Januari

Simiyu amekuja. Ni mdogo wake Baba Nafula, ana hoteli ya chai pale Turbo. Alikunywa vikombe kadhaa, akazunguka maneno, kisha akasema Mzee, mkubwa wa ukoo wao, ameamua. Vitu vya marehemu vitagawanywa mwisho wa mwezi ujao, hapa hapa Eldoret, kwa sababu viko hapa.

Nilijua siku hiyo itakuja. Sikujua Simiyu ameshauangalia ubao. Anautaka uwe kaunta ya hoteli. Ataukata vipande viwili, kimoja cha vikombe, kingine cha mandazi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenisaidia kutoa takataka.

Nikamwambia ubao nautaka mimi.

Akacheka. "Shemeji, wewe? Utaupanda?"

Kwa watu wa mume wangu iko hivi: mtu hapewi kitu cha marehemu mpaka aonyeshe mbele ya wote kwamba anaweza kukitumia. Aliyepewa baiskeli ya babu yao aliizungusha uani kwanza. Aliyepewa zeze alipiga zeze. Simiyu anaweza kupanga vikombe juu ya ubao, hilo hata mtoto anaweza. Mimi bado siwezi kukaa juu yake muda wa kumaliza Baba Yetu.

Nikasema, "Nitaupanda."

Akaniangalia kuona kama ni huzuni inaongea. Si huzuni. Ni mimi.

Alhamisi, 22 Januari

Nafuma sweta za shule za kuuza, kola ya manjano. Mashine inakwaruza upande mmoja.

Jioni nimesimamisha mti wa ufagio ndani ya debe la mchanga katikati ya jikoni. Huo ndio mlingoti. Nimechora ubao sakafuni kwa chaki. Nazunguka ufagio kwa hatua ndogo bila kutoka nje ya mstari. Baba Nafula alisema kugeuka ni hatua ndogo za mtu anayepita kati ya watoto waliolala. Hatua kubwa, umeanguka.

Natoka nje ya mstari kila mara. Nimekasirika. Ufagio haunionei huruma, na hilo nalipenda. Watu wote wengine wananionea huruma.

Jumapili, 25 Januari

Leo nimejua kwa nini mgongo unauma.

Navuta kamba kuinua tanga, tanga linajaa maji, linakuwa zito kama ng'ombe. Mimi nainama kiunoni, miguu imenyooka, navuta. Tanga likitoka majini ghafla, narushwa nyuma. Au upepo ukivuta kidogo, naenda kichwa mbele. Kila mara hivyo hivyo.

Mama Wairimu akasimama ukingoni, mikono kiunoni, akapaza sauti. "Mama Nafula! Hapo unapalilia mahindi ama unafanya nini?"

Nikajitazama. Kweli. Ninasimama kama mtu wa jembe. Nimelima hivyo tangu utoto, nimefua hivyo, nimepiga deki hivyo, nimeokota kuni hivyo. Kiuno kinainama, magoti hayajui kazi. Nikawaza wanawake wote ninaowajua, na wote wanainama hivyo. Ubao unataka kinyume. Mgongo wima, magoti yakunjwe, makalio yashuke kama mtu anayeketi kwenye kigoda ambacho hakipo.

Ni ngumu kuliko kamba. Mwili unarudi shambani wenyewe.

Nilijaribu kukaa kwenye kigoda kisichokuwepo. Tanga likatoka majini. Likasimama. Nilisimama nalo, mkono kwenye kamba, tanga likipepea kama shuka kwenye waya. Sikwenda popote. Lakini nilisimama.

Mama Wairimu alisahau kucheka.

Jumatano, 28 Januari

Kumbukumbu ndogo. Alikuwa akitoka majini anatetemeka, anaweka mikono yake kwapani mwangu ili ipate joto, mbele ya watu. Nampiga kofi. Anairudisha palepale.

Jumapili nilipotoka majini niliweka mikono kwapani mwangu mwenyewe. Si sawa.

Jumapili, 1 Februari

Watu wamejaa ukingoni. Habari imetembea. Wafanyakazi wa shamba, akina mama wa kanisa bado na vitambaa vyao, madereva wa matrekta, hata gari moja kutoka Elgon View, mtaa wa matajiri, watu wamekaa ndani na madirisha wamefunga. Nilivaa suruali ya kahawia ya Baba Nafula, nimeikata magotini na kuifunga kwa kamba, na jaketi lake la kuelea. Naogelea kidogo, mambo ya mtoni utotoni, lakini jaketi silivui.

Nilianguka. Wakashangilia. Nikapanda. Wakashangilia zaidi. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mjane aliyevaa suruali ya marehemu anamwita. Sawa, ningekuwa na uwezo wa kumwita ningemwita zamani.

Kisha akaja kijana wa chama, wale wa beji na rungu, wanaodai kadi pale sokoni. Akasema hapa kuna mkutano na mkutano unataka leseni.

Mama Wairimu akamuuliza, "Mkutano wa nani?"

"Wa huyu mama."

"Huyu yuko majini peke yake. Ama samaki nao wamekata kadi?"

Watu wakaanza kucheka. Kijana akaona rungu halimsaidii. Akauliza ninafanya nini hasa. Mama Wairimu akamwonyesha ile miguu ya kijani iliyochorwa juu ya ubao.

"Si unaona? Anafuata nyayo."

Nyayo ni wito wa Rais mwenyewe. Kicheko kilikufa mara moja. Kila mtu akamtazama kijana kuona kama imekuwa kosa. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya kiunoni. Kijana naye alitafakari. Mtu anayefuata nyayo unamkamataje? Mwisho akawaambia watu watawanyike, akaenda zake.

Walitawanyika hatua kidogo, wakarudi.

Jumatatu, 2 Februari

Naibu wa chifu ameniita. Nilikwenda na sweta mkononi, nikifuma, ili aone nina kazi. Alikuwa mpole. Alisema hana neno na ubao, ana neno na watu. Akanishauri nipumzike nyumbani, wakati wangu ni wa maombolezo.

Nikamwambia, "Mzee, naomboleza. Naomboleza kule."

Aliitazama ile sweta. Kisha akaniuliza kama sweta za wanaume nafuma pia.

Nitakwenda Jumapili. Nitakwenda hata siku za katikati, nikimaliza kola mapema.

Jumapili, 8 Februari

Siku mbaya.

Tanga lilisimama, nikashika mti, nikaweka miguu kwenye miguu ya kijani kama kawaida. Ubao ukaenda kidogo. Furaha. Kisha upepo ukaja kwa nguvu, sikuwa na pa kujizuia, nikavutwa mbele na mlingoti ukanipiga mdomoni. Damu. Nikapanda tena, miguu palepale. Nikaanguka vilevile. Mara nyingi. Mama Wairimu akaniita nitoke, nikakataa.

Nilipotoka akanifuta mdomo kwa kanga na kusema, "Miguu yako imetanuka mno. Na umesimama nyuma sana. Mumeo Barasa alikuwa mtu mrefu, wewe ni kipande tu. Toka kwenye hiyo michoro."

Nikamwambia ajishughulishe na duka lake.

Akasema, "Unasimama kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine, halafu unashangaa unajikwaa."

Nikamwambia yeye hajazika mtu. Nilijua nimesema uongo nikiwa bado nasema. Alimzika mama yake mwaka juzi, nilikuwepo, nilipika mimi.

Tulirudi kila mtu upande wake wa barabara.

Jumatano, 11 Februari

Mdomo umevimba. Nafuma.

Sitoki kwenye miguu ile. Mahali pengine pote amekwisha kuondoka. Nguo zake hazina tena harufu yake, zina harufu ya sanduku. Kitanda kimesahau shimo lake. Lakini miguu iko pale, na vidole vyote, hata kile kidole cha pili kilichozidi kidole gumba. Nikikanyaga, mchanga unanikwaruza nyayo na ninajua yuko wapi. Nikitoka nitasimama wapi?

Ijumaa, 13 Februari

Nimekwenda dukani. Nilinunua chumvi niliyokuwa nayo. Mama Wairimu akanipimia. Nikasema nisamehe. Akasema chumvi ndiyo hiyo, kuna kingine? Nikasema hapana. Akaniwekea mshumaa ndani ya karatasi.

"Stima haijapotea," nikasema.

"Si wa stima. Ni wa kupaka kwenye ubao. Pale ambapo hakuna mchanga patateleza."

Nililia dukani, mbele ya unga na sabuni. Kisha tukacheka.

Jumapili, 15 Februari

Nilipaka nta ya mshumaa mahali patupu, karibu na mlingoti. Nikainua tanga. Mgongo wima, kigoda kisichokuwepo. Mguu wa mbele nikauweka kando ya mlingoti, vidole vikielekea ninakokwenda. Mguu wa nyuma nikauweka pale upana wa mabega yangu ulipoishia, si pale rangi ilipokuwa. Miguu ya kijani ikabaki nyuma yangu, mitupu.

Nilijisikia kama nimemfungia mtu mlango.

Upepo ukaja. Nikajiegemeza nyuma, magoti yakakunjika yenyewe, mguu wa nyuma ukabeba uzito. Sikuanguka. Upepo ukaongezeka, nami nikajiegemeza zaidi. Sasa nilielewa, tanga linanishika na mimi nalishika, kama watu wawili wanaovutana na wote wanakubaliana. Maji yalianza kupiga kelele chini ya ubao. Ile kelele. Nilikuwa nikiisikia kutoka ukingoni miaka yote na sikujua kwamba ukiwa juu ya ubao inaingia ndani ya mifupa ya miguu.

Nilifika karibu na matete ya upande wa pili. Kisha nikatazama chini kuona miguu yangu inafanya nini, na nikaanguka.

Usitazame miguu. Tazama unakokwenda. Alinieleza nikiwa nafuma, nikaitikia mhm.

Jumapili, 22 Februari

Kwenda naweza. Kugeuka siwezi. Na kurudi bila kugeuka hakuna. Nikifika ng'ambo natumbukia, nauzungusha ubao kwa mikono, napanda upya.

Kugeuka ni hivi. Unalaza tanga nyuma, ubao unaelekea upepo unakotoka, na wewe unazunguka mbele ya mlingoti kwa hatua ndogo mpaka ufike upande wa pili, unashika mti upya. Jikoni na ufagio naweza hata nikiwa napika. Majini miguu inaogopa, inaruka hatua moja kubwa.

Leo nimefaulu mara moja tu. Moja. Jua lilikuwa limeshuka, watu wameenda, Mama Wairimu alikuwa akikung'uta maganda ya njugu kwenye sketi. Hakuona.

Nilimwambia. Akasema, "Basi rudia." Sikuweza.

Siku ni chache. Naogopa. Lakini si ile hofu ya mwezi wa kumi. Hii ina kitu cha kufanya.

Ijumaa, 27 Februari

Wamefika. Mzee, kaka wa marehemu baba mkwe wangu. Simiyu, na tepu ya kupimia mfukoni, nimeiona. Na mama mkwe, ambaye sote tunamwita Kukhu, yaani nyanya, kwa ajili ya Nafula. Binti yetu Nafula yuko shule ya bweni, hakuruhusiwa. Afadhali.

Kukhu amekuja na viatu vya kanisa mkononi na gumbuti za kiume miguuni. Alikaa jikoni, akaona ufagio ndani ya debe na chaki sakafuni.  Akaruka mstari kwa uangalifu kila alipopita.

Kuna jambo ambalo sikulifikiria, mimi mpumbavu. Mzee ndiye wa kuamua, na Mzee kwangu ni baba mkwe. Kwa mila hawezi kuona miguu yangu ikiwa wazi. Hata kikombe cha chai nampa kupitia kwa Kukhu. Ataonaje kama nauweza ubao? Na siwezi kupanda na gauni refu, nilijaribu siku za mwanzo, lilinifunga kama mfu.

Simiyu alilitaja wakati wa kula. Alilitaja kwa upole. Mzee akasema ni kweli, jambo hilo ni zito, akamaliza ugali wake na kulala.

Sitoi ubao. Wakiukata, wanikate na mimi.

Jumamosi, 28 Februari

Nimechoka mno. Lakini naandika yote.

Asubuhi waligawanya vya nyumbani. Koti likaenda kwa Mzee, alilivaa, likamfaa. Msumeno kwa binamu, akakata kuni. Viatu kwa Simiyu, akavitembeza uani, miguu ikielea ndani. Akasema ataweka karatasi mbele. Mzee akauliza suruali ya kahawia iko wapi. Kukhu akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe, "Imeshapata mtu."

Kisha wote tukaenda bwawani. Maji kimya kabisa. Mzee alitaka kuwahi gari la kurudi. Simiyu akatoa tepu na kuanza kupima ubao. Nilimwacha apime. Nilikaa kwenye nyasi nikipaka nta. Tulingoja mpaka wengine wakasinzia. Kisha majani ya mikaratusi yakageuza upande mweupe, na bwawa likakunja uso.

Nilikwenda nyuma ya banda kubadilisha nguo. Nikabaki nimesimama pale na suruali ya kamba, siwezi kutoka. Yote haya, na ninashindwa na miguu yangu mwenyewe kuonekana.

Nikamsikia Mzee. "Nileteeni kiti."

Wakamletea kreti ya soda. Akaigeuza, akaketi akitazama barabara, mgongo kwa bwawa.

"Simiyu," akasema. "Simama hapa mbele yangu. Wewe utatazama, mimi nitasikia. Aende mpaka kwenye matete, arudi mpaka hapa, asisaidiwe na mtu. Na wewe useme unachokiona. Usiongeze, usipunguze. Marehemu ni ndugu yako, na kitu ni chake."

Simiyu ndiye aliyeutaka ubao, na ndiye aliyepewa kazi ya kuwa macho ya Mzee. Nilimwona uso wake. Kukhu akatazama upande mwingine akikaza midomo, nadhani alikuwa anacheka.

Nikatoka. Nikaingia majini.

Yaliyosemwa ukingoni nimeyapata kwa Mama Wairimu, na nayaandika kama alivyonipa, akiigiza sauti zote.

"Amepanda," Simiyu akasema. Kisha, "Anavuta kamba. Tanga limetoka."

"Amesimamaje?" Mzee akauliza.

"Amesimama kama... kama mtu anakaa, Mzee, lakini hakuna kiti."

"Endelea."

"Anakwenda. Anakwenda kweli. Ha! Mzee, anakimbia sasa!"

"Nilisema usiongeze."

"Siongezi! Amelala nyuma mpaka mgongo unataka kugusa maji. Amefika matete."

Hapo mimi nilikuwa peke yangu na matete na bata mmoja. Nikalaza tanga nyuma. Ubao ukaanza kugeuka. Hatua ndogo. Watoto wamelala, watoto wamelala. Nikapita mbele ya mlingoti, mguu wa pili ukafuata, nikanyoosha mkono kushika mti, na upepo ukabadilika kidogo tu. Nikaenda chini.

Maji yaliingia puani. Nikashika ubao. Kutoka kule ukingo ulionekana mbali na watu ni wadogo, na mmoja amekaa amegeuka.

"Mbona kimya?" Mzee alikuwa akiuliza. "Simiyu, yuko wapi?"

Mama Wairimu anasema Simiyu alikuwa ameyakodolea maji macho. Tepu mkononi. Angeweza kusema ameanguka na kuishia hapo. Ingekuwa kweli.

"Ameanguka," akasema.

"Na sasa?"

"Yuko kwa maji. Ameshika ubao." Kisha akapiga hatua mbele, akamwacha Mzee nyuma yake, akaweka mikono mdomoni. Hapo hata mimi nilimsikia, sauti yake ikikatika juu ya maji. "Shemeji! Panda! Panda, shemeji!"

Ni sauti ya Baba Nafula. Sikuwahi kugundua. Ndugu wawili, sauti moja wanapopiga kelele.

Nikapanda. Nikavuta kamba, mgongo wima. Mguu wa mbele kando ya mlingoti. Mguu wa nyuma mahali pangu. Sikutazama chini. Nilitazama ukingo, mgongo wa Mzee ndani ya koti la mume wangu, nikaenda moja kwa moja mpaka pezi la chini ya ubao likagonga matope na nikashuka nikiwa nimesimama.

Watu walipiga kelele. Nilikimbilia nyuma ya banda, nikafunga leso mpaka vifundoni, nikarudi na kupiga magoti mbele ya Mzee, maji yakinitiririka. Bado hakuwa amegeuka.

"Simiyu," akasema. "Anauweza?"

Simiyu akarudisha tepu mfukoni. "Anauweza, Mzee."

"Nimesikia," Mzee akasema. "Ni wake."

Simiyu alinisaidia kuubeba mpaka bandani. Akaniambia kaunta ataitengeneza kwa mbao za mnazi. Nikamwambia Turbo hakuna minazi. Akasema basi za mikaratusi, shemeji, kwani lazima ugombane na kila kitu?

Ndiyo, nikasema.

Jumapili, 1 Machi

Wanaume waliondoka jana jioni. Kukhu amebaki mpaka Jumatatu.

Baada ya kanisa aliniambia anataka kuona ubao. Tulikwenda mapema, kabla ya upepo. Maji kimya. Ng'ombe wa shamba wakinywa. Niliutoa ubao bandani, nikaulaza kwenye nyasi bila tanga.

Kukhu aliuzunguka taratibu. Akainama, akaigusa ile miguu ya kijani kwa kidole. Mchanga umeanza kutoka, kisigino kimoja kimefutika. Nilimwambia nasimama mahali pengine sasa, penye nta. Akaitikia kwa kichwa.

Akaketi kwenye nyasi, akavua gumbuti, moja, nyingine. Nikamshika mkono akapanda. Akaweka mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akavisogeza vidole polepole mpaka vikaingia.

Vilienea. Hakuna rangi iliyobaki kuonekana kandokando. Hata kile kidole cha pili.

Alisimama pale muda mrefu, ananishika bega, anatazama maji.  

Baadaye nikamwambia, "Kukhu, kunja magoti kidogo."

Akakunja.